Mawaidha kwa Afisa Aliyerukwa Cheo

Wanangu mliovaa nyota mabegani, na ninyi mnaozisubiri, nipeni masikio. Nimezeeka na nimechoka. Jambo hili nimelisema kambini na majumbani, kwa vijana ambao leo baadhi yao ni majenerali na baadhi wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Ninalirudia kwa sababu kila mwaka kamisheni mpya hutolewa, na kila mwaka yupo kapteni au meja anayerudi nyumbani jioni, akavua buti bila kusema neno, kwa kuwa orodha ya kupandishwa vyeo imesomwa na jina lake halimo. Huyo ndiye ninayemwita akae karibu nami.

Watu wakisikia afisa amekamatwa kwa kuuza siri za nchi yake, husema: tamaa ya fedha. Husema hivyo upesi, wakaendelea na mambo yao. Mimi nimezifuatilia habari za maafisa hawa kwa miaka mingi, wa nchi kubwa na nchi ndogo, na ninawaambia kwamba mara nyingi fedha huja nyuma. Kinachotangulia ni kinyongo. Mtu ameumia, amejiona amedharauliwa, hakumwambia yeyote, akalala nacho na kuamka nacho. Kisha siku moja akatokea mgeni mwenye adabu, akamjulia hali, akakaa kumsikiliza.

Mtazameni Stig Wennerström wa Uswidi. Alikuwa afisa wa jeshi la anga aliyefikia ukanali, mtanashati, mjuzi wa lugha kadhaa, mtu wa kualikwa kwenye karamu za mabalozi. Lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 alikwisha kutambua kwamba wakubwa wake hawamwoni kuwa mtu wa kukabidhiwa kikosi cha ndege akiongoze. Atapewa kazi za kuvaa vizuri na kuzungumza na wageni, amri hatapewa. Hilo lilimuuma, akalificha. Mwaka 1949 nchi yake ikampeleka Moscow awe mwambata wa jeshi la anga. Warusi wakampa fedha, ndiyo. Lakini kwa maelezo aliyoyatoa mwenyewe baadaye, walimwambia pia kwamba katika idara yao ya ujasusi wa kijeshi, GRU, yeye ni meja jenerali.

Tulieni hapo kidogo, wanangu. Ukubwa alioukosa nyumbani alipewa na wageni kwa mnong'ono, bila gwaride, bila sare, bila askari hata mmoja wa kumpigia saluti. Naye akaupokea. Mtu mwenye akili zake, msomi, baba wa watoto, aliridhika na cheo ambacho hawezi kukitaja hata mbele ya mkewe. Hapo ndipo kinyongo kinapomfikisha mtu. Kwa takriban miaka 15, kutoka Moscow hadi Washington na kisha nyumbani Stockholm, aliwapa Warusi mipango ya ulinzi wa anga wa Uswidi na habari za ndege mpya ya kivita iliyoitwa Draken. Aliyesaidia kumfikisha mwisho hakuwa kachero stadi, bali mtumishi wake wa nyumbani, mama aliyeshuku nyendo za bwana wake, akapekua darini na kukuta filamu zimefichwa. Juni 1963 Wennerström alikamatwa asubuhi akielekea kazini. Mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1974, na akaishi hadi 2006, akiwa na miaka 99. Miaka zaidi ya 30 ya uzeeni katika nchi aliyoiuza, kila anayempita njiani akilijua jina lake. Mimi ni mzee, na najua uzee unavyokuwa mrefu hata kwa mtu ambaye hakumkosea yeyote.

Uswisi nako alikuwapo Brigedia Jean-Louis Jeanmaire, mkuu wa vikosi vya kujikinga na mashambulizi ya anga. Huyu aliamini kwamba anastahili makubwa kuliko aliyopewa, na kwamba wenzake wamempita bila haki. Kuanzia mwaka 1962 alianza kumpa nyaraka mwambata wa Kisovieti aliyekuwa Bern, mtu aliyejifanya rafiki wa familia. Alichokipata ni zawadi ndogondogo na heshima ya mezani. Hakujenga jumba, hakufungua akaunti ya mamilioni. Alikamatwa 1976 pamoja na mkewe, na mwaka uliofuata mahakama ya kijeshi ikamfunga miaka 18. Wengi waliochunguza nyaraka zile walisema hazikuwa na uzito mkubwa kiasi hicho. Mzee yule aliteketeza jina lake na uzee wa mkewe kwa ajili ya kusifiwa na mgeni.

Sasa sikilizeni namna mgeni huyo anavyofanya kazi, maana haji usiku amejifunika uso. Anakuja mchana, kwenye tafrija ya sikukuu ya taifa lake, au kwenye kozi ya ng'ambo, au siku hizi kwenye simu yako. Mwaka 2021 idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, MI5, ilionya kwamba raia wa nchi hiyo zaidi ya 10,000 walikuwa wamefikiwa na akaunti bandia katika mitandao ya kikazi kwa muda wa miaka mitano. Anajitambulisha kuwa mtafiti au mshauri. Haombi siri. Anaomba kitu chepesi ambacho hata gazetini kingeweza kupatikana: maoni yako juu ya hali ya eneo, orodha ya simu za ofisi, mhadhara uliokwisha kuutoa darasani. Anakulipa vizuri kupita thamani ya kitu chenyewe, na anaomba utie saini kwamba umepokea. Saini hiyo ndiyo aliyoitafuta. Mara ya pili anaomba kizito kidogo. Mara ya tatu huombwi tena, unaagizwa. Kutoka siku hiyo una wakubwa wawili, na yule wa pili hana likizo wala kustaafu.

Na kabla ya hayo yote, atakuuliza swali moja: kazini wanakutendeaje? Ukisikia swali hilo kutoka kwa mtu wa nje, mwanangu, simama, aga, uondoke, kisha umwandikie mkuu wako siku hiyohiyo.

Kuna kinyongo ambacho hata mimi siwezi kukisema kwa ukali. Dmitri Polyakov alikuwa afisa wa GRU aliyepelekwa New York. Wamarekani waliomfahamu wanasimulia kwamba mtoto wake aliugua sana akiwa huko, akahitaji matibabu katika hospitali ya Marekani, na wakubwa wake wakakataa. Mtoto akafa. Baba huyo, aliyepigana vita vya kuilinda nchi yake dhidi ya Wajerumani, mwishoni mwa 1961 akaanza kuwapa Wamarekani siri za Moscow, akaendelea kwa zaidi ya miaka 20, huku nyumbani akipandishwa cheo hadi jenerali. Hakutaka fedha nyingi. Aliomba vifaa vya useremala, zana za uvuvi, bunduki za kuwindia. Aliyemwangusha ni mtu wa upande wa pili mwenye kazi kama yake: Aldrich Ames wa CIA, aliyeuza majina kwa Warusi kwa dola. Polyakov alikamatwa 1986, akauawa Machi 1988.

Mimi ni baba, na sithubutu kumhukumu mtu juu ya maumivu ya kufiwa na mtoto. Lakini nawauliza wale waliokuwa wakubwa wake, kama yupo aliye hai: idhini ile ingewagharimu nini? Na kwako wewe unayebeba msiba kama huo ndani ya kifua, nakuambia kwamba kisasi cha siri hakimrudishi mtoto. Kilichukua watu wengine, maana Polyakov aliwataja maafisa na mawakala, nao walikuwa na mama zao. Kisha kikamchukua yeye, na wanawe waliobaki wakaachiwa kovu la baba aliyepigwa risasi kama msaliti.

Mwingine wa idara hiyohiyo, Oleg Penkovsky, alikuwa kanali wa GRU mwenye medali za vita. Baba yake alikuwa amepigana upande uliowapinga Wabolsheviki katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na habari hiyo ilipogunduliwa ikamkwamisha. Kosa la baba akalipishwa mwana, na hilo lilikuwa dhuluma, nasema wazi. Mwaka 1961 na 1962 aliwapa Waingereza na Wamarekani picha za maelfu ya kurasa, zikiwamo habari za makombora zilizowasaidia kuyatambua yale yaliyopelekwa Kuba. Alipokutana nao London aliomba avikwe sare ya kanali wa Uingereza na ya kanali wa Marekani, apigwe picha. Mnaona tena? Ni njaa ileile ya Wennerström. Akapigwa risasi Mei 1963. Lakini ninachotaka mkumbuke ni Marshali Varentsov, mkubwa wake wa zamani vitani, aliyempenda na kumfungulia mlango wa nyumba yake. Marshali alikuwa akimsimulia mambo mezani kama unavyomsimulia mwanao. Baada ya kesi alishushwa hadi meja jenerali. Baadhi ya siri alizozitoa Penkovsky zilitoka kinywani mwa mtu aliyemwamini, juu ya sahani ya chakula.

Afisa hasaliti nchi kama wazo la vitabuni. Anamsaliti fulani. Anamsaliti sajenti aliyemfunika kwa koti lake siku ya baridi, dereva, karani wa masjala aliyempa faili bila kuandika kwenye daftari kwa kuwa ni bwana mkubwa anayemheshimu. Karani huyo ndiye atakayehojiwa kwanza.

Wapo waliofuata fedha tangu hatua ya kwanza, siwafichi. John Walker wa jeshi la majini la Marekani aliingia mwenyewe ubalozi wa Kisovieti huko Washington mwaka 1967, amelemewa na madeni ya biashara ya baa, akauza funguo za mitambo ya kuficha mawasiliano ya jeshi. Alipostaafu hakuacha. Kabla ya kustaafu alikwisha kumwingiza rafiki yake; kisha akamwingiza kaka yake, akamwingiza mwanawe wa kumzaa aliyekuwa baharia. Alimwendea hata binti yake aliyekuwa jeshini; binti akakataa, Mungu amlipe. Hatimaye aliyekuwa mkewe akaenda kusema. Walikamatwa 1985. Walker alifia gerezani 2014, na mwanawe alikaa ndani hadi mwaka 2000. Sina la kuongeza juu ya mtu anayemtia mwanawe katika jambo hilo.

Ninyi makamanda, msidhani mawaidha haya ni ya vijana peke yao. Kanali Alfred Redl alikuwa mtu mkubwa katika ujasusi wa kijeshi wa Austria-Hungaria, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyepanda kwa akili yake. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake mbinu za kisasa za kunasa majasusi, na wakati huohuo alikuwa akiwauzia Warusi. Mei 1913 alinaswa kwa barua zenye fedha zilizokuwa zikimsubiri posta kuu ya Vienna. Mkuu wa majeshi, Conrad von Hötzendorf, akatuma maafisa usiku kwenye hoteli aliyofikia. Walimuuliza machache, wakamwachia bastola, wakatoka nje wakisubiri. Kabla ya mapambazuko alikuwa amejiua.

Walifanya hivyo kwa ajili ya aibu. Hawakutaka wananchi wajue kwamba aliyewekwa kuwa mlinzi ndiye aliyekuwa akiuza. Habari zikavuja ndani ya siku chache, aibu ikawa mara mbili, na mtu pekee aliyejua ameuza nini alikuwa maiti. Mwaka mmoja baadaye jeshi lile lilikuwa vitani na Urusi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kamanda anayefunika uoza ili kikosi kisichafuke jina, huyo naye ana deni, hata kama hakupokea senti.

Nimefika mahali pagumu, na sitalikwepa, maana vijana huniuliza kila mara. Mzee, je, serikali ikiwa yenyewe ni dhalimu?

Ryszard Kukliński alikuwa kanali katika makao makuu ya jeshi la Poland. Alishiriki katika mipango ya kuivamia Chekoslovakia mwaka 1968, akaona mwaka 1970 jeshi lake likiwapiga risasi wafanyakazi wa pwani ya Baltiki. Akajua pia kwamba vita vikizuka, ramani za pande zote mbili zinaihesabu Poland kuwa uwanja wa mabomu ya nyuklia. Mwaka 1972 aliwaandikia Wamarekani barua. Kwa miaka 9 aliwapa zaidi ya kurasa 35,000, nyingi zikiwa za Kisovieti, akatoroshwa na mkewe na wanawe wawili Novemba 1981, wiki chache kabla ya sheria ya kijeshi kutangazwa. Mwaka 1984 alihukumiwa kifo bila kuwapo. Baada ya utawala ule kuanguka, kesi ikafutwa 1997, na mwaka 2016, akiwa amekufa miaka 12, nchi yake ikampandisha kuwa jenerali. Wanawe wote wawili walikufa Marekani katika miaka ya 1990, mmoja alipotelea baharini, mwingine aligongwa na gari. Mpaka leo wapo Wapoland wanaomwita shujaa na wapo wanaomwita msaliti, baina ya watu wa nyumba moja.

Na karibu nasi zaidi, Komodoro Dieter Gerhardt wa jeshi la majini la Afrika Kusini, mkuu wa bandari ya kijeshi ya Simon's Town, alifanya kazi kwa siri na Warusi kwa takriban miaka 20. Alisema aliuchukia ubaguzi wa rangi. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika baada ya mkewe kujua. Mke wa pili akawa tarishi wake. Alikamatwa New York Januari 1983, akafungwa maisha, mkewe miaka 10, na akaachiwa 1992. Sisi wa Tanzania tuliowapokea wapigania uhuru Kongwa na Mazimbu hatuwezi kujifanya kwamba moyo wetu ulikuwa upande wa Makaburu waliopigwa na siri hizo. Wangu haukuwa huko.

Hata hivyo, miaka ileile palikuwa na vijana wa Kizungu wa Afrika Kusini walioitwa jeshini wakasema hadharani: hatuji. Wakafungwa kwa hilo. Mwaka 1983 wenzao wakaanzisha End Conscription Campaign, kampeni ya kukomesha kuandikishwa jeshini kwa lazima, wakakataa mchana kweupe, majina yao yakijulikana. Hawakupokea bahasha. Hawakuwafanya wake zao kuwa matarishi. Nikiulizwa nani kati yao na Komodoro ninayemwonyesha mjukuu wangu, nitamwonyesha hao. Kukliński simwiti msaliti, na sijawahi kumwita hivyo. Lakini kila anayenijia akijilinganisha naye, namwuliza kwanza: wewe umeona raia wakipigwa risasi, au umeona mwenzako akipewa gari la ofisi? Mara nyingi jibu huwa ni gari. Dhamiri huumia kwa ajili ya wengine. Kinyongo huumia kwa ajili ya nafsi yake, kisha huazima maneno ya dhamiri ili kisionekane uchi. Jichunguzeni sana mnapohisi ghafla kwamba nchi imeoza, kama kuoza huko mlianza kukunusa siku orodha iliposomwa.

Basi wewe uliyerukwa, mwambie mkeo leo. Mwambie limekuuma, hutapungua uanaume. Andika malalamiko yako, yapite kwa kamanda wako na juu yake, maana yana njia yake katika kanuni. Ukiona huwezi tena kuitumikia sare hiyo, andika barua ya kuomba kuacha, uivue kwa mikono yako mwenyewe, urudi shambani au dukani na jina lako zima.

Na kama tayari umetoa karatasi moja, hata kama ni ndogo, hata kama umeambiwa haina maana, nenda kaseme kesho asubuhi. Utaadhibiwa. Nenda tu. Adhabu ya karatasi moja inabebeka, na wanao watakuona ukirudi.

Nanyi makamanda, orodha ikisomwa, mwiteni yule ambaye jina lake halimo. Mkalisheni, mwelezeni sababu kwa heshima, mwulizeni mtoto wake anaendeleaje. Msimwachie mgeni awe wa kwanza kumuuliza.